Kishikio cha springi kwenye kaseti ya fibri: kabla ya kununua, angalia ile kole kwanza

"Mzee, jambo. Niko Lubumbashi, komini ya Kampemba, natengeneza fibri (zile nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga) za intaneti za majumbani, huu ni mwaka wa pili. Kuna bwati moja, kisanduku cha kuungia fibri, iko juu ya poto, kando ya barabara kubwa ya malori. Ndani kuna kaseti, kile kisahani cha plastiki cha kupanga fibri, yenye viungo 12. Kile kitana cha plastiki kinachoshika viungo kilivunjika meno, viungo viwili vikawa vinacheza. Mwezi wa tano nikavitia skochi, haikukaa, nikavitia kole ile ya kukauka haraka. Tangu mwezi wa sita wateja wawili wanalalamika: asubuhi mapema intaneti inakatika, ikifika saa nne, saa tano, inarudi yenyewe. Modemu ya mmoja asubuhi inaonyesha nguvu ya mwanga -28, mchana -22. Shefu anasema ninunue vishikio vya springi. Mwenzangu anakataa, anasema springi itabana fibri na mwanga utapungua zaidi. Nani ana haki?"

Jambo mdogo wangu. Kwanza asante juu umeandika na namba, watu wengi wananiandikia "intaneti inasumbua" basi, na hapo siwezi kusaidia kitu. Wewe umeleta miezi, umeleta saa, umeleta zile -28 na -22, na jibu limo humo humo. Umeniuliza springi, nitakujibu springi, lakini nikwambie mapema: sidhani bwati yako inaumwa kwa kukosa springi. Mimi naishuku kole. Shefu wako ana haki upande mmoja, mwenzako ana haki upande mwingine, na kama utafanya alivyosema shefu bila kuondoa ile kole, franga zitatoka na kesho yake asubuhi simu ya mteja italia tena.

Tuanze na kiungo chenyewe. Fibri, kioo chake ni mikromita 125, yaani sehemu 1 ya 8 ya milimita, na mwanga unapita katikati kabisa, kwenye kiini cha mikromita 9 hivi. Juu ya kioo kuna ngozi ya rangi, pamoja nayo inafika mikromita 250. Ukitaka kuunga unavua ngozi, unasafisha, unakata, mashine inachoma zile ncha mbili zinakuwa kioo kimoja. Kiungo kizuri kinapoteza desibeli (kipimo cha mwanga unaopungua) 0.02 mpaka 0.1, karibu hakuna. Lakini pale ulipovua ngozi kioo kimebaki uchi. Kiwandani fibri nzima inavutwa kwa nguvu kama ya uzito wa gramu 860 ndio iruhusiwe kutoka, sasa ukishaivua na kuigusa na chombo inapata mikwaruzo midogo jicho halioni, na kioo si kama shaba, shaba inajinyoosha, kioo mkwaruzo ukishaingia umeingia: ukikiacha kimekunjika au kinavutwa, ule mkwaruzo unakua polepole, unyevu wa hewa unausaidia, mpaka siku moja miezi baadaye kinakatika na hakuna mtu aliyekigusa.

Ndiyo maana tunakivalisha kile kimrija cha kusinyaa kwa moto. Kimrija kile ni vitu vitatu: mrija wa ndani unaoyeyuka na kushikamana na kioo, kisindano cha chuma cha kukipa uti wa mgongo, na mrija wa nje unaosinyaa na kukaza vyote pamoja. Wengi tunatumia wa milimita 60, kuna pia wa 40. Hapa nikuonye kidogo, juu naona vijana wengi wanakosea: kama kisu chako kinaacha milimita 16 za kioo uchi kila upande, ni 32 jumla, mrija wa 60 unabakiza 14 kila upande za kushika ngozi, hiyo ni salama. Mrija wa 40 unabakiza 4 tu kila upande, hiyo si salama, ukitumia mrija mfupi lazima ukate kioo kifupi pia, kama milimita 10.

Sasa kishikio. Kazi yake ni kushika ule mrija, fibri yenyewe haitakiwi iguswe na kitu. Mrija ukitulia, kila kinachotikisika nje (lori, upepo unaoyumbisha poto, mkono wa fundi anayefungua bwati kutafuta fibri ya mteja mwingine) kinaishia kwenye chuma na plastiki, hakifiki kwenye kioo. Mrija ukicheza, pale fibri inapotokea kwenye ncha ya mrija panakunjwa na kukunjuliwa, kunjwa kunjuliwa, na hapo ndipo inapokufa. Ukiona kiungo kimekatika, angalia vizuri, mara nyingi kimekatikia mlangoni, pale mrija unapoishia, penye mashine ilipounganisha pako salama kabisa.

Kitana cha kawaida kinashika kwa kubana: mtaro una upana wake, mrija una unene wake, vikilingana sawa. Shida inaanza visipolingana. Mirija ikishasinyaa inatoka na unene kati ya milimita 2 na nusu na 3 hivi, kila kiwanda na wake, na siku ile umekosa mirija ya kawaida unanunua ya jina jingine, ni minene, unaisukuma kwa kidole mpaka meno ya kitana yanafunguka, basi ukirudisha mirija myembamba inacheza. Tena plastiki, sponji na mpira vina tabia moja: ukivikandamiza muda mrefu vinazoea, vinabaki na umbo la kukandamizwa, havisukumi tena. Sponji ndiyo inachoka haraka, ndani ya bwati inayopigwa jua inaanza kuvunjika unga unga.

Springi, au resoru kama mafundi wa garaji wanavyosema, inatatua kitu hicho hicho. Kwenye vishikio hivyo utakuta ulimi wa chuma chembamba, au kifuniko kinachosukumwa na resoru ndogo, unauinua kwa kidole, unalaza mrija kwenye mtaro, unauachia, unarudi na kukaa juu ya mrija. Mrija mwembamba ulimi unashuka zaidi, mrija mnene unashuka kidogo, vyote vimeshikwa. Chuma cha springi kwenye joto letu la hapa hakichoki kama sponji, mwaka wa kumi bado kinasukuma. Na uzuri wake mkubwa kwangu mimi ni siku ya kutoa: unainua ulimi, kiungo kinatoka kimelegea, huvuti kwa koleo wala kucha. Nimeona viungo vingi vizima vikiuliwa na mtu anayevitoa kwenye kitana kilichokaza kuliko vilivyouliwa na malori yote ya barabara ya Kasumbalesa.

Mwenzako anasema springi itabana mwanga. Hofu yake ina msingi, ila ameiweka mahali si pake. Ukibana fibri ya mikromita 250 moja kwa moja na ulimi wa chuma, ndiyo, inapata vikunjo vidogo vidogo na mwanga unavuja pale, tena ukiibana sana itapasuka. Lakini ukibana mrija katikati, nguvu ile inapokelewa na kisindano cha chuma na plastiki inayokizunguka, kioo hakisikii kitu. Kwa hiyo sheria ni moja: ulimi ukae juu ya tumbo la mrija, usikae kwenye ncha, na usishike fibri kamwe. Na huhitaji kuamini maneno yangu, weka kipima mwanga, soma namba ulimi ukiwa juu, uachie, soma tena. Namba haitakiwi kubadilika. Ikishuka, inua, sogeza mrija, rudia, ikiendelea kushuka basi huo mrija una kasoro ndani, labda kioo kimelala juu ya kisindano vibaya wakati wa kuusinyaza, na hiyo springi imekusaidia kuugundua.

Haya, tuje kwenye kole. Umesema skochi na kole uliweka mwezi wa tano, malalamiko yalianza mwezi wa sita. Hapa Lubumbashi mwezi wa sita na wa saba usiku unashuka mpaka chini ya digrii 10, mchana tunapita 25, na ndani ya bwati inayopigwa jua inapanda zaidi ya hapo. Plastiki ya kaseti ikipata baridi inasinyaa, kioo hakisinyai karibu kitu, plastiki inasinyaa zaidi ya mara 100 kuliko kioo. Chukua kaseti ya sentimita 15, joto likishuka digrii 18, plastiki inajivuta kama sehemu 2 za kumi za milimita. Utasema hiyo ni nini? Kwa fibri iliyo huru, iliyozungushwa kwa duara nzuri na ina nafasi, si kitu, duara linameza ule msogeo. Lakini wewe umemwaga kole, na kole ile nyepesi kama maji haikai pale ulipoiweka, inakimbia kwenye kila mwanya, imefuata fibri ikaigandisha kwenye kaseti milimita kadhaa nje ya mrija, imekauka ikawa ngumu kama kioo. Sasa plastiki ikisogea inasogea na fibri yake, fibri haina pa kwenda, inajikunja pale kole inapoishia, na kumbuka kiini ni mikromita 9 tu. Jua likipanda plastiki inarudi, mkunjo unafunguka, saa nne mteja anapata intaneti. Hiyo hadithi inalingana na saa zako vizuri kuliko hadithi nyingine yoyote, na inalingana pia na kwamba ni viungo viwili tu, vile vile ulivyogusa, kumi vingine kimya. Kama ni kebo nzima imeumia, ungesikia kelele kutoka kwa wateja wengi.

Na kutoka -22 kwenda -28 si kidogo. Kila desibeli 3 ni nusu ya mwanga, kwa hiyo 6 ni nusu ya nusu, mteja wako asubuhi anabaki na robo ya mwanga wake. Modemu za kawaida za mfumo wa GPON (fibri moja inayogawiwa wateja wengi), daraja la B+, mwisho wake wa kusikia ni -27. Akiwa -22 yuko na akiba ya 5, akiwa -28 amezama.

Sitaki ujisikie vibaya juu ya kole, nimefanya kitu kama hicho mwenyewe. Miaka ile naanza, kampuni niliyokuwa nafanyia haikutupa vitana, nikakata vipande vya mpira wa ndani wa tairi ya pikipiki nikavifunga juu ya mirija kama lastiki, nikaona nimepata dawa. Vilikaa vizuri miezi sita. Kisha mpira ukaanza kunata, ukapasuka, mingine ikashikana na ngozi za fibri, nilipofungua kuongeza mteja nikavuta mmoja na fibri mbili za jirani zikaja nao. Moja ilikuwa ya dispansari. Siku ile nilirudi nyumbani usiku na mpaka leo nikifungua kaseti na kukuta mtu ameboresha kwa kamba, kwa nta, kwa plasta, moyo unauma, juu najua yule kijana alikuwa anataka kufanya vizuri.

Usitumie pia ile silikoni inayonuka siki, watu wanaipenda juu inatoka kirahisi. Ile harufu ni asidi inayotoka ikikauka, na ndani ya bwati iliyofungwa asidi haina pa kwenda, inakula vyuma vidogo vyote.

Kesho ufanye nini? Kwanza hakikisha, usiniamini kwa maandishi tu. Nenda kwa mteja asubuhi, saa kumi na mbili, tatizo likiwepo, mchana hutaona kitu. Chomoa fibri kwenye modemu, laini iwe imezimwa upande wa kituo, juu 1310 ndiyo njia ya modemu za wateja wengine, kisha pima na OTDR (mashine inayotuma mwanga na kuonyesha unapotelea wapi) kwa 1310 halafu kwa 1550, yaani aina mbili za mwanga kwa nanomita. Mkunjo una alama yake: unapoteza zaidi kwenye 1550 kuliko kwenye 1310, na tofauti inaonekana wazi. Kama kwenye bwati ile unaona 1550 imeanguka sana na 1310 kidogo, ni mkunjo, kole tumeikamata. Kama zote mbili zimeanguka sawasawa, basi ni kiungo chenyewe kibaya au plagi chafu, hapo nimekosea na utaunga upya bila kulaumu kole. Huna OTDR? Tumia kalamu ya mwanga mwekundu, mkunjo mkali utaona unang'aa wekundu kwenye kaseti. Usiiangalie usoni, na usiangalie kamwe ncha ya fibri iliyo hai, mwanga wa intaneti hauonekani kwa jicho lakini upo.

Ikishajulikana ni kole, usiikwangue. Nasema tena juu najua mkono utawasha: usiikwangue, usiilainishe na petroli wala asetoni, utaondoa ngozi ya fibri pamoja nayo. Kata pande zote mbili mahali pazima, unga upya. Kwa hilo unahitaji akiba, kaseti iliyopangwa vizuri ina kama mita 1 ya fibri imezungushwa kila upande, angalia kama aliyekutangulia aliacha. Safisha na alkoholi ya 99, ile ya famasi ya 70 ina maji ndani. Vipande vya kioo vilivyokatwa vibandike kwenye skochi (hapo ndipo skochi ina kazi), visiingie kwenye kidole wala jichoni. Unapozungusha upya usishuke chini ya nusu kipenyo cha milimita 30, hata kama mtu amekwambia fibri yake ni ile ya kisasa inayovumilia kukunjwa, juu kwenye bwati za zamani zimechanganyika na hujui ipi ni ipi.

Sasa kununua au kutonunua. Kama mirija yako 12 yote ni ya aina moja na bwati inafunguliwa mara moja kwa mwaka, mimi ningekuambia kwa moyo safi: nunua kitana kipya cha kawaida chenye mtaro unaolingana na mirija yako, bei ndogo, kazi imekwisha. Springi inalipa pale ambapo mirija imechanganyika unene, pale kuna viungo vya kubana visivyochomwa ambavyo ni vinene zaidi, pale bwati inafunguliwa kila mwezi kuongeza wateja, na pale kuna mtikisiko wa kila siku. Wewe una barabara ya malori, na nahisi kwa jinsi meno yalivyovunjika kuna mtu alisukuma mirija minene. Kwa hiyo kwako naelekea upande wa shefu, kwa bwati hii, si kwa bwati zote za komini.

Ukinunua, bonyeza ulimi mara kadhaa dukani, urudi palepale bila kulegea. Pitisha kidole taratibu ukingoni, ukikwaruza ngozi yako utakwaruza na mrija. Uliza chuma kisichoshika kutu, na usikipime kwa sumaku peke yake, chuma cha pua kikishafanywa springi mara nyingi sumaku inakishika kidogo na bado ni kizuri. Na pima urefu: kishikio kikiwa kirefu kuliko mrija, ulimi utaishia kushika fibri, ile ile hofu ya mwenzako.

Kitu kingine ambacho hukuuliza, lakini bila hicho springi zote ni bure. Angalia kebo inapoingia kwenye bwati. Ule ufito mgumu wa katikati ya kebo umekazwa na skrubu? Zile nyuzi za njano zimefungwa? Bwati yenyewe imekazwa kwenye poto au inaning'inia? Nimekuta kaseti nzuri kabisa, vishikio vya gharama, na kebo inaingia na kutoka kama ulimi wa nyoka kila lori likipita, hapo kila mvuto wa kebo unafika kwenye fibri, kishikio kitashika mrija na fibri itakatikia mlangoni. Ukikaza kebo, angalia na mpira wa kuzuia maji, kipindi cha mvua hakiko mbali, na siafu wanapenda bwati kuliko tunavyodhani.

Usipande peke yako kama poto ile inabeba na nyaya za umeme za SNEL juu yake, hiyo ni ya kuita watu wenye ruhusa na vifaa. Na kama OTDR inaonyesha shida iko mita kadhaa kabla au baada ya bwati, au kama kati ya zile fibri 12 kuna moja inayobeba mtaa mzima au hospitali, acha kaseti ilivyo, mwite fundi mkubwa wa mtandao wenu aje asimame na wewe, mpange saa ya kukata na wateja waambiwe kabla. Hakuna aibu hapo.

Ukimaliza, niandikie namba nne: asubuhi na mchana, mteja wa kwanza na wa pili. Pima asubuhi tatu mfululizo, baridi ikiwa bado ipo, juu ukipima wiki ile joto limerudi kila kitu kitaonekana kimepona.